Darubini Iliyomshtaki Ndugu Yangu

Nilimvunja ndugu yangu mkono wa kushoto kwa mpini wa jembe, mchana kweupe, mke wake akitazama. Nilipiga mara tatu. Mara ya kwanza alijikinga uso. Mara ya pili nilisikia mfupa. Ya tatu haikuwa na sababu, ila nilikuwa nimeshaingia kwenye kupiga na sikujua pa kutokea. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani hii ni habari ya nyota tu.

Mimi ni mtu wa Mbumbuni. Shule niliiacha darasa la pili, siku mwalimu aliponichapa nami nikamrudishia. Nilikimbia na sikurudi. Nikawa tanboi, utingo wa lori, kwenye barabara ya Mombasa. Dereva alilala kwenye lojing'i pale Mtito Andei, mimi nikalala juu ya mzigo na rungu kifuani. Mwizi akipanda nilimpiga, asipopanda nilitazama nyota. Miaka sita hivyo. Baadaye nikapata lori langu, nikapata la pili, nikafungua bucha. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa nikiwaambia watu hivyo hata wasiponiuliza.

Miaka ya sabini ilipokuwa inaelekea kuisha, kulikuwa na mzungu mmoja mzee pale Mtito Andei, mhandisi wa mabomba ya maji, aliyekuwa anarudi kwao. Alinunua nyama kwangu. Siku moja akaniambia anauza vitu vyake, nikaenda nikitafuta jenereta. Jenereta ilikuwa imeshachukuliwa. Kwenye baraza nikakuta darubini mbili.

Moja ilikuwa fupi na nene kama ndoo, ina kioo chini. Ya pili ilikuwa ndefu, nyeupe, yenye pete za shaba, na mbele yake lenzi pana kama kisahani cha chai. Akasema ile fupi ni ya bei nafuu.

"Mimi sikuja kununua nafuu," nikamwambia.

Tukangoja jua lizame. Kwa ile ndefu, ukingo wa mwezi ulikuwa umekatwa kama kwa wembe, hakuna ule ukungu wa zambarau niliouona kwenye darubini za askari. Kisha akaielekeza kwa Zohali. Niliona pete. Nilitoa jicho nikazunguka mbele kuangalia kama amebandika picha kwenye lenzi. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Niliuza pikapu nikamlipa. Alinipa na vikorokoro vyake vyote: miguu mitatu ya mbao ngumu, sanduku lenye kitambaa chekundu ndani na vioo vitatu vya kutazamia, kidarubini kidogo cha kulengea, na kona yenye kioo, ambayo unaichomeka nyuma ili usivunje shingo ukitazama juu. Halafu akatoa kipande kingine kilichofungwa kwenye karatasi.

"Hiki unaongeza pesa kidogo," akasema. "Ni cha kutazama vitu vya chini. Milima, wanyama, watu. Ile kona inageuza, bwana. Inaweka kushoto kulia."

"Inageuza nini? Nimetazama mti, umesimama. Nimetazama nyumba, imesimama."

"Imesimama ndiyo, lakini..."

"Unataka kuniuzia kitu kimoja mara mbili. Watu wa Nairobi wamejaribu hayo wakashindwa."

Alinitazama, akakifunga tena kile kipande kwenye karatasi yake. Angerudia kunieleza, ningezidi kukasirika. Sikutaka mtu anifundishe kuona.

Nyumba yangu ya Mbumbuni iko juu ya ukingo wa bonde. Ng'ambo ya bonde ndiko malisho yangu yaliko, na pembeni mwa malisho ndipo ndugu yangu alipojenga, kwenye fungu lake la shamba la baba. Tulizaliwa wawili tu kwa mama. Yeye ni mdogo, na ni mtu wa shoto. Baba alimpiga kwa ajili ya ule mkono tangu akiwa hajui kusema. Mimi mkubwa nilipewa kazi ya kuufunga nyuma ya mgongo kwa kamba ya mkonge wakati wa kula, nami nilikaza. Siku nyingine aliinama akala muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, kwa mdomo kama mbuzi kuliko kutumia mkono wa kulia. Baba alimpiga teke usoni akiwa ameinama hivyo. Mkono haukubadilika. Alipokua alilima kwa huo, alikata miti kwa huo, na hakuna mtu mwingine wa shoto upande wetu wote.

Kiangazi kimoja kikawa kibaya. Nilikuwa nimechimba silanga, bwawa la maji ya mvua, kwenye mpaka wetu, nikalizungushia miiba. Mbuzi wa ndugu yangu walipojipenyeza niliwaua wawili kwa rungu, nikamrushia mizoga uani kwake. Tukashikana mashati. Akaniambia, "Ng'ombe zako zinywe hayo maji mpaka zipasuke." Watu walisikia.

Wiki mbili baadaye nilikuta madume wangu watatu wa ng'ombe wamekaa chini malishoni, mishipa ya miguu ya nyuma imekatwa kwa panga. Walikuwa wakijaribu kusimama na kuanguka. Niliwachinja mwenyewe mmoja baada ya mwingine, damu ikanifika kwenye viwiko, na niliapa kwamba aliyefanya hivi nitamfanya hivi.

Nikaichukua darubini, nikaisimamisha barazani, nikaielekeza malishoni. Siku tatu nilikaa hapo tangu asubuhi. Siku ya nne, saa sita mchana, nikamwona mtu. Joto lilifanya hewa icheze kama maji juu ya moto, uso sikuupata, ila niliona shati la kaki na kofia iliyoshushwa. Akamwendea dume wangu mwekundu kwa nyuma kama anayemjua. Panga likapanda na kushuka, mara mbili. Dume akakaa kama mbwa. Panga lilikuwa kwenye mkono wa kushoto.

Sikuhitaji uso.

Nilichomoa mpini wa jembe nikashuka bonde mbio. Nilimkuta ndugu yangu uani kwake anakata matawi ya kuziba boma, panga liko mkono wa kushoto. Shati lake lilikuwa la kaki. Panga lilikuwa na utomvu. Niliuona ule utomvu, mweupe, na sikuona damu, nikajiambia ameipangusa.

"Karibu, kaka. Mbona unahema hivyo?"

"Nimekuona."

"Umeniona wapi?"

"Kwa mashine. Nimekuona na panga lako."

Akacheka. "Hiyo mashine si ya kutazama mwezi? Mimi nimepanda mwezini lini?"

Hapo ndipo nilipompiga. Mke wake alinirukia mgongoni, nikamtupa kwenye matawi ya miiba. Ndugu yangu hakuinua panga. Aliliangusha baada ya pigo la pili kwa sababu vidole havikushika tena.

Wazee wa ukoo wakakaa. Ndugu yangu aliletwa mkono umefungwa kwenye ubao, jasho linamtoka. Alisema alikuwa kwake anakata matawi tangu asubuhi. Shahidi wake alikuwa mke wake, na huyo hakuhesabiwa. Mimi nilisimama nikasema, "Nimeona kwa macho yangu. Mkono wa kushoto. Nani mwingine hapa ni wa shoto?" Mzee mmoja akaniuliza kama mashine inaweza kudanganya. Nikamjibu kwamba mashine haina ugomvi na mtu. Walipenda jibu hilo. Wakaamua ahame, na fungu lake nilishike mimi. Aliondoka na mke na godoro, akaenda kuziba pancha kando ya barabara, Mtito Andei. Mkono ulipona umepinda, haupandi juu ya kifua.

Mwaka ukapita na nusu yake. Nililala vizuri, sitadanganya.

Mwaka huo watu wa kanisa walijenga jengo jipya ng'ambo ya bonde, wakaandika jina ukutani kwa rangi ya buluu, herufi kubwa. Mimi kusoma sikujua. Namba za lori nilizijua, na noti, basi. Nilikuwa nautazama ukuta ule kwa darubini siku nyingi, nikiona herufi tu, kama mtu anavyoona kuku wa jirani. Mke wangu ndiye aliyejua kusoma, alifundishwa hapo kanisani. Alasiri moja akasema, "Mzee, hata mimi nionyeshe."

"Utaivunja."

"Nimekupikia miaka ishirini sijavunja sufuria."

Nikampisha. Alitazama kwa muda mrefu, akatoa jicho, akarudi tena.

"Wee mzee, haya maandishi yako nyuma mbele."

"Fundi alikuwa mlevi."

"Fundi hakuwa mlevi. Napita chini ya hayo maandishi kila Jumapili. Kule yako sawa. Ni humu ndani yamegeuka."

Nilimkumbuka yule mzungu mzee na kile kipande alichokifunga tena kwenye karatasi. Nikamwambia mke wangu ashuke bonde, aende asimame mbele ya ukuta ule, ainue mkono wa kulia, ule anaokorogea ugali.

"Niende kote huko niinue mkono? Umepatwa na nini?"

"Nenda, mama. Nakuomba."

Hakuwa amewahi kunisikia nikiomba. Akaenda. Nilingoja jicho likiwa kwenye kioo, sikuthubutu kulitoa. Akatokea pale ukutani, leso yake nyekundu, akageuka kunitazama, akainua mkono. Ulioinuka ni wa kushoto.

Nilimtazama mke wangu akiwa mtu wa shoto, amesimama kule anangoja nimwambie basi, na sikuwa na namna ya kumwambia. Yule mtu wa malishoni alishika panga kwa mkono wa kulia. Huenda alikuwa jirani yeyote, maana wote ni wa kulia, na mpaka leo sijamjua. Kati ya watu wote wa upande wetu, mashine ilikuwa imenionyesha mmoja ambaye hawezi kuwa ndiye, na huyo ndiye niliyemvunja. Nilipiga nguzo ya baraza kwa ngumi mpaka mbao ikawa nyekundu. Mke wangu alirudi akanikuta hapo, akanifunga mkono kwa leso.

Asubuhi nilikuwa Mtito Andei. Ndugu yangu alikuwa ameinama juu ya tairi la lori, analikanyagia chuma kwa mguu na kulivuta kwa mkono mmoja. Nilimweleza yote nimesimama: kona, kioo, maandishi, mkono wa mke wangu. Madereva walikuwa karibu wanasikiliza. Hakuacha kazi mpaka tairi likatoka.

"Kwa hiyo nilikuwa nyumbani kwangu nakata matawi," akasema.

"Ulikuwa nyumbani kwako."

"Rudi ukawaambie wazee."

Nataka nieleze hapa nilivyokuwa. Kusimama mbele ya wale wazee niseme sikuona, mimi niliyewacheka wote, kulinishinda zaidi ya kifo.

"Nivunje mkono," nikamwambia. "Tuwe sawa. Wazee waache."

"Weka hapo."

Niliweka wa kushoto juu ya kipande cha reli alichofulia vyuma.

"Si huo. Ule ulioshika mpini."

Nikaweka wa kulia. Akachukua nyundo kwa mkono wake wa kulia, ule asiojua kuutumia maisha yake yote, akalenga kifundo, akakosa. Ikashuka kwenye vidole viwili. Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka kwenye mikahawa. Yeye akaitazama nyundo kwa hasira kama imemtukana.

"Ningekuwa na mkono wangu ningeupata," akasema. "Haya. Sasa nenda kwa wazee."

"Si tumelipana?"

"Hiyo ilikuwa ya mkono, kaka. Bado ya jina."

Nilienda. Niliwaita wazee nyumbani kwangu, vidole vimefungwa, nikawaweka mmoja mmoja kwenye darubini watazame ukuta wa kanisa. Wawili walijua kusoma. Kwa wasiojua, nilimpeleka mke wangu tena ng'ambo ainue mkono. Kisha nikasema, "Sikuona. Nilisema nimeona na sikuona. Ndugu yangu ni safi." Mzee yule aliyeniuliza kama mashine inadanganya akasema, "Mashine haikudanganya. Wewe ndiwe uliyeitafsiri."

Fungu la ndugu yangu lilirudi kwake na silanga likawa letu sote. Miiba niliing'oa mwenyewe. Mke wangu alinifundisha kusoma baada ya hapo, na kwa kuwa vile vidole viwili havikukunjika tena, kuandika nilijifunza kwa mkono wa kushoto. Ndiyo huu unaoandika haya.

Ndugu yangu alipohamia tena nyumbani alikaa miezi bila kukanyaga barazani kwangu. Jioni moja akaja, mwezi ukiwa nusu, akasema nimwonyeshe hicho kitu kilichomfukuza. Nikamlengea. Aliinama, mkono wake uliopinda umening'inia, akatazama mpaka chai ikapoa. Nilimuuliza anaona nini.

"Mashimo tu," akasema. Akanyooka, akajifuta jicho. "Lakini sikiliza, kaka. Siku ukimwona mtu huko, uje uniulize kwanza kabla hujachukua mpini."