Aliyeacha gemu akiongoza

Juzi kwenye banda la gemu hapa Sumbawanga, mshikaji mmoja alikuwa anaongoza tatu bila. Ghafla akaweka pedi ya kuchezea chini, akasimama, akajifuta jasho la mikono kwenye suruali, akasema anawahi nyumbani.

"Oya, unamwogopa mkeo?" mpinzani wake akamcheka.

"Wiki iliyopita alifunga begi arudi kwao Mwimbi na mtoto. Nimemwahidi jua likizama niko nyumbani."

"Si umalizie tu, unashinda!"

"Ndiyo maana natoka sasa. Nikifungwa, sitoki hapa."

Akaondoka bila kugeuka. Kuacha gemu unaongoza? Huyo jamaa nampa heshima zake zote. Mimi nikadaka pedi yake, nikafungwa nne, na kweli sikutoka mpaka mwenye banda alipozima televisheni.