Kaburi Nililoingizwa

Wakala wa Mombasa aliniambia kazi yangu Riyadh ingekuwa kupika, kufua na kulea watoto. Nyumba niliyofikia haikuwa na watoto. Walikuwamo mwalimu mstaafu, niliyetakiwa kumwita Baba, na mkewe, niliyemwita Madam. Wana wao walikwisha kuoa na kuhama. Kilichokuwa kikilelewa mle ndani ni mashine.

Ilikuwa fimbo ndefu yenye sahani upande wa chini, na ikipita juu ya chuma kilichofukiwa, hulia. Baba aliifuta kwa kitambaa chake mwenyewe, na kitambaa hicho mimi nilikatazwa kukigusa.

Baridi ikiingia, watu wa Riyadh hutoka kwenda kupiga mahema jangwani. Sisi tulitoka kila wiki. Madam alikaa zuliani akitafuna mbegu za tikiti, mimi nikipika, Baba akizunguka na mashine yake. Aliokota vigingi vya mahema, vifuniko vya soda na maganda ya risasi. Siku aliyorudi na takataka tupu, chakula changu kilikuwa na chumvi nyingi hata kama sikutia.

Asubuhi moja mashine ililia juu ya lundo la mawe, ikalia bila kukata. Baba aliyaondoa mawe mpaka akafikia majabali mawili bapa yaliyolazwa kama mfuniko. Tuliyasukuma pamoja. Chini yake palikuwa na shimo jembamba lililojengewa mawe kandokando, na nilipoliona tu nikalijua. Kwetu pwani tunamchimbia maiti mwanandani, chumba chake kidogo ndani ya kaburi, asiangukiwe na udongo. Na hawa wa zamani walikuwa wamemjengea mtu wao chumba.

Shimo halikumtosha Baba, na Madam alisema mahali kama pale pana majini, asitie mkono. Kisha akanitazama kama mtu anayetafuta mwiko wa kupikia.

"Baba, hili ni kaburi," nikasema.

"Si la Waislamu," akajibu. "Ni watu wa kabla ya dini. Hawana wa kuwalilia."

Nilisema siwezi. Hakupaza sauti. Alinikumbusha kwamba ikama yangu, kibali changu cha kukaa nchini, iko garini, na kwamba gari ni lake, na kwamba mtu akitembea kwa miguu kutoka pale hafiki popote. Madam akasema, yalla, haraka, chai inapoa.

Niliingia kwa kichwa. Madam alinishika miguu juu ya nguo, asiguse ngozi yangu. Nilifumba macho, nikasoma nilichokumbuka, nikapeleka mkono. Niligusa vumbi laini kama unga, kisha mbavu, na juu ya zile mbavu kitu cha mviringo, chembamba, kidogo kiasi cha kuingia kiganjani. Nilikaa nacho mkononi kitambo kabla ya kuelewa kwamba ni kichwa cha mtoto mchanga, na kwamba kililazwa kifuani kwa mamaye.

Kutoka juu Baba aliuliza kama kuna chuma. Nilipapasa mpaka nikaipata bangili. Ilikuwa bado imevaliwa. Nikamwambia haitoki. Akasema nivute. Nilivuta, na mfupa ukakatika kwa sauti ya muhogo mkavu.

Baba aliipokea bangili pamoja na kipande cha mfupa kilichobaki ndani yake, kimegeuka kijani kwa kutu ya shaba. Alikigonga juu ya jiwe mpaka kikadondoka. Madam alicheka, akasema bibi huyu alikuwa na mkono mnene. Halafu niliamriwa kutoa kila kilichomo na kukichekecha kwa chekeche la unga, kama kuna shanga. Hazikuwamo. Mifupa ikabaki pale juani, ya mkubwa na ya mdogo imechanganyika, na yale majabali ya mfuniko yakawa mafiga. Nilichemsha chai juu yake. Nilipoomba nirudishe mifupa shimoni, Baba alisema halas, basi, tunachelewa.

Nyumbani, Madam alinikataza kugusa vyombo kwa mikono iliyoshika wafu. Aliniagiza niioshe kwa siki, na nikaambiwa nilale darini na baridi ile mpaka harufu iishe. Hapakuwa na harufu. Lakini bangili nilipewa hiyohiyo mikono niisugue kwa ndimu na chumvi, na nikaisugua mpaka ikang'aa nyekundu.

Baba hakuweza kukaa na furaha yake peke yake. Tulikwenda Jeddah kwa dada yake, aliyekaa mtaa wa Al-Baghdadiyah, na mume wa dada akamwita jamaa yake mmoja, mtaalamu wa mambo ya kale. Mimi nilikuwa nimesimama na birika la kahawa. Yule bwana aliigeuza bangili kiganjani, akauliza nani kaisugua. Baba alininyooshea kidole. Akasema mimi ndiye niliyefukua, nilipotea njia kule kambini nikarudi nayo. Mjinga, alisema, hajui thamani ya vitu.

"Mmeng'oa ulimi," yule bwana akasema, "sasa mnataka useme."

Aliniuliza, kwa upole, mwili ulilala vipi, kichwa kilielekea wapi, mkononi palikuwa na nini. Nilimwambia ni mama na mtoto, mtoto kifuani. Zaidi ya hapo sikujua. Nilikuwa nimefumba macho.

Aliweka kikombe chini. "Basi aliyewaona mwisho hakuwaona."

Akasema makaburi ya namna ile huwa hayakai peke yake, na hayo mengine lazima yalindwe kabla hayajafukuliwa. Alimwuliza Baba mahali. Baba alitaja bonde lililo kaskazini mwa Riyadh. Sisi tulikuwa tumekwenda kusini, tukapita zizi kubwa la ngamia lenye tangi jekundu.

"Si huko," nikasema, nikamweleza njia.

Mbele ya mgeni Baba hakunigusa. Jikoni alinipiga kwa kiatu usoni, na Madam akafunga mlango ili kelele zisiwafikie wageni. Walirudi Riyadh bila mimi. Nguo zangu na simu yangu vilikuwa kule, na sikuviona tena. Dada mtu alinifanyisha kazi kama kitu kilichosahauliwa nyumbani kwake, na mlango wa nje ulifungwa kwa ufunguo.

Yule mtaalamu alirudi baada ya muda kumsalimu jamaa yake. Nikimmiminia kahawa, nilimwuliza habari za yale makaburi. Akanieleza kwamba yeye na wenzake walifika kule, mashine ya Baba imechukuliwa, na makaburi mengine yaliyokuwa karibu yamezungushiwa uzio. Katika lile letu hawakukuta kitu shimoni. Waliokota vipande juu ya mchanga, vingine vimeungua kwa moto wa chai, na havijulikani kipi ni cha mama na kipi cha mtoto. Vimo ndani ya masanduku ghalani.

Nikauliza vitazikwa lini.

"Mafi," akasema. Hakuna kuzikwa.

Baba naye, kwa hasira ya ile mashine, alikataa kuidhinisha ruhusa yangu ya kutoka nchini. Mkataba wangu uliisha nikiwa bado napiga deki Al-Baghdadiyah. Dada mtu aliniambia mwenyewe, akila tende: kaka yake anataka kwanza nimwombe msamaha kwa simu, Madam akisikiliza.

Nilimwomba. Akaniambia nirudie kwa sauti zaidi, nami nikarudia.