Ananiletea Mbolea ya Moshi, Nyasi Anamlazia Mwingine

Admini, jina langu lisionekane, huku Mkumbi tunajuana. Nina miaka 37, watoto watatu, ndoa ya kanisani.

Sisi Wamatengo tunalima ngolo, vile vishimo vya mlimani. Mume anafyeka nyasi na kuzilaza miraba, mke anakuja nyuma na jembe kuzifukia. Ni kazi ya mtu na mkewe. Ukiona mwanaume analaza nyasi, huulizi anayefukia ni nani kwake.

Mume wangu alipata kazi kwenye tanuru la kuchoma maganda ya kahawa. Pale moshi hauachwi upotee. Ile hewa ya ukaa inanaswa, inashikishwa kwenye unga wa mkaa, inakuwa mbolea. Akaanza kuniletea magunia. "Mama watoto, nyasi za nini tena? Mkaa huu unatosha." Nikafurahi jamani, nikajiona nimeolewa na mtaalamu! Mwaka jana nikachimba ngolo peke yangu. Maharage yalikubali, na sasa mahindi yamekolea kijani hadi majirani wanasimama njiani kuyatazama.

Juzi nikitoka msibani kijiji cha pili, nilimwona kwa macho yangu. Ameinama, analaza nyasi taratibu, miraba imenyooka vilevile alivyokuwa akinilazia mimi. Nyuma yake mwanamke anafukia, wanacheka. Aliponiona hata hakushtuka. Akasema, "Nenda nyumbani, tutaongea."

Hatukuongea. Nilikwenda kwa mama mkwe, nikampa shikamoo nikaanza kulia. Akaniuliza, "Mwanangu, shamba lako si limestawi? Sasa unalia nini?" Ni kweli limestawi, na mbolea nzuri namna ile sijapata kuona. Lakini mimi sikuolewa na gunia. Namtaka yule aliyekuwa mbele yangu shambani, akinitania kwamba jembe langu linasinzia. Naumia, ndugu zangu, naumia sana.

Asubuhi hii ameshusha magunia mengine mlangoni, kisha akaniomba fyekeo. Lilelile tulilonunua mwaka tuliooana. Nimelikumbatia hapa jikoni, nalia kimyakimya asinisikie.

Nimpe aende nalo kule, au nimwambie anifyekee mimi kwanza? Nishaurini upesi, bado amesimama mlangoni.