Manjano ya Kiini cha Yai

Wageni wangu huniuliza kwa nini lokomotivi iliyo juu ya kabati haina rangi. Huiinua, huigeuza, husoma maandishi ya kopo la mafuta ya kupikia yaliyobaki chini ya tumbo lake, kisha huanza kunishauri. Siku hizi rangi ziko tele Butembo, wanasema, nenda tu sokoni. Natabasamu na kuwamiminia chai. Ndani nawaka, kwa sababu wakati nilipoihitaji rangi hiyo kuliko chumvi ilinitoka mikononi kwa namna ambayo sijaisamehe, wala sina mpango wa kuisamehe.

Ilikuwa wakati wa vita, miaka ile ambayo wakubwa wa mji walibadilishwa kabla hatujazoea majina ya waliotangulia. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jumapili, baada ya ibada, tulikutana watu watatu nyuma ya karakana ya fundi wa bati: fundi mwenyewe, mtengeneza redio mmoja, na mimi. Wazimu wetu ulikuwa mmoja, treni. Hakuna reli Butembo, wala Beni, na kati yetu hakuna aliyewahi kuona treni kwa macho yake. Tulikuwa na katalogi tu, iliyoachwa na padre mmoja wa Ulaya, kitabu cha treni ndogo ambazo watu wazima wa kwao hukusanya na kupanga mezani. Tuliifunua mpaka kurasa zikalegea. Fundi alitaka ile ya moshi. Mtengeneza redio alitaka ile yenye taa. Mimi nilitaka yoyote ambayo mwalimu angeweza kuinunua bila kuuza shamba la mama yake.

Ikatokea kwamba mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akileta mizigo kutoka Dubai aliweka lokomotivi ya plastiki kwenye dirisha la duka lake, nyekundu na nyeusi. Tulikwenda wote watatu, tumevaa mashati ya kanisani. Bei yake ilikuwa ya ng'ombe. Nikamwomba safari ijayo atuletee za bei nafuu, na kama inawezekana zenye rangi za reli ya Kongo. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwalimu, batu banatafuta sabuni, we unatafuta treni? Na rangi unachagua! Hapana iko fabrike moja kwa dunia yenye itakutengenezea treni ya rangi za Kongo."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Kila nchi katika ile katalogi ilikuwa na rangi zake, hata nchi ndogo ambazo ningezitembea kwa miguu kwa wiki moja. Sisi tuliojengewa reli kwa migongo ya babu zetu hatukuwa na hata ukurasa. Fundi akasema basi, tutaitengeneza wenyewe. Tukakusanya makopo ya mafuta ya msaada, yale yaliyogawiwa wakimbizi, akayakata, akayakunja, akayaunga kwa risasi iliyoyeyushwa. Kwa wiki sita ikasimama, ndefu kama mkono wangu, yenye magurudumu yanayozunguka.

Ila nisidanganye, sikuitaka kwa ajili yangu peke yangu. Baba yangu alikuwa mpaka rangi katika karakana ya reli kule Kalemie. Alimaliza ujana wake huko, akarudi nyumbani na suruali moja ya kazi yenye madoa. Sasa macho yake yalikuwa yanazimika. Ukungu ulianzia pembeni, na kila mwezi ulisogea katikati. Alikuwa na ombi moja, aione tena mashine yake na rangi zake kabla ukungu haujafunga.

"Mufanye mbio, mutoto wangu," aliniambia, akiipapasa ile bati. "Machini nitaigusa ata kesho. Mais rangi, mukono hapana ona."

Rangi ilikuwa manjano, na mkanda mmoja wa kijani ubavuni. Lakini si manjano yoyote. Kalemie, kadi ya kupimia rangi ilipotea siku nyingi, kwa hiyo wapaka rangi walipima kwa yai la kuku wa kienyeji. Walilichemsha, wakalikata katikati, wakaweka kiini kando ya rangi na kuchanganya mpaka jicho lishindwe kutofautisha. Kijani walipima kwa sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kabla hayajaingia chunguni. Baba alieleza hayo kwa ukali, akinirudisha nyuma kila nilipokosea, kana kwamba msimamizi wake wa zamani alikuwa amesimama mlangoni. Butembo hatukuwa na kitu cha kumfaa. Palikuwa na nyeupe ya makanisa, samawati ya maduka, na ile nyekundu ya kuzuia kutu kwenye mabati. Fundi akasikia kwamba Beni kuna mzee anayepaka malori, anayeweza kuchanganya lolote.

Nikajiandikia ordre de mission, hati ya kusafiri kikazi. Sisi watu wa huku tunaamini muhuri kuliko tunavyoamini miguu yetu, na mimi ni mwalimu, nilizidi. Niliipiga kwa mashine ya shule, nakala tatu: fulani anakwenda Beni kununua rangi za lokomotivi. Mkurugenzi wa shule akagonga muhuri bila kusoma. Mama yeyote anayeuza sokoni angeficha makopo ndani ya maharage na kusema anatoka kumzika shangazi. Mimi nilibeba ukweli wenye muhuri, mjinga mkubwa, na nikaona nimejikinga.

Beni joto lilinipiga. Yule mzee wa malori nilimpenda pale pale, kwa sababu hakucheka. Nilipotoa yai lililochemshwa mfukoni alilipokea kwa mikono miwili, akalikata, akalinusa, akaomba kigoda. Alichanganya tangu asubuhi hadi jua likapinda. Alitia nyekundu kwa ncha ya kijiti, akakataa, akaanza upya. Mwisho akapaka tone moja juu ya kiini cha nusu ya kwanza, na sikuliona. Nusu ya pili akaila. Nikaondoka na makopo mawili, la manjano na la kijani, na brashi mpya, nikipanda juu ya lori la mbao, nikiimba.

Kati ya Beni na Butembo palikuwa na vizuizi kadhaa vya wanajeshi. Kwenye kimoja, mwanzi mrefu umelazwa kukata barabara, tulishuka wote kama kawaida, tupite kwa miguu huku lori likikaguliwa. Nikatoa karatasi yangu kabla sijaulizwa. Mwanajeshi aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno, akafika mahali pamoja akasimama.

"Locomotive? Iko wapi?"

"Nyumbani, chef. Ni ya bati. Kadogo hivi."

"Treni inaingia Butembo, shiye hapana jua? Inabeba nini? Ni ya armée gani?"

Wakaiita karatasi ushahidi. Ikapita mkono kwa mkono, mmoja akiishika kichwa chini. Wenzangu wa safari walitazama viatu vyao. Nilieleza habari za baba, macho, yai. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo nilivyofanana na mwongo. Hatimaye mkubwa wao akafungua kopo la manjano kwa kisu cha bunduki, akatazama ndani, akapiga mluzi.

"Rangi muzuri hii. Na bariere yetu iko mubaya. Yaka, mwalimu, kuja. Paka."

Nilipaka. Ule mwanzi haukupigwa msasa, ulikuwa na vumbi na mafuta ya mikono ya watu, na mvua ilikuwa inakuja. Pingili moja manjano, pingili moja kijani, hivyo alivyotaka. Mwanajeshi wa karatasi alisimama nyuma yangu na mtutu wake ukinigusa bega kila nilipochelewa. Rangi ikachuruzika, nikapitisha tabaka moja tu. Makopo wakayabakiza na brashi pia. Kisha, na hili ndilo linalonichoma mpaka leo, mkubwa wao akatoa muhuri wake mfukoni na kuugonga kwenye ordre de mission yangu, kuonyesha kwamba nimepita salama.

Nyumbani nilimwambia baba kwamba Beni rangi ile haipo. Ningemwambia nini kingine? Kwamba rangi zake nimewapaka wale? Aliuliza kama nilionyesha yai. Nikasema nilionyesha. Akatikisa kichwa na kugeukia ukutani.

Miezi miwili baadaye daktari wa macho alifika Beni kwa siku chache, nikampeleka baba. Alimpa matone, na mimi akanivuta kando kuniambia kwamba ukungu hautarudi nyuma, na haitachukua muda. Tukarudi juu ya lori. Nilijua kizuizi kiko mbele, nikaomba kimoyomoyo kiwe kimevunjwa. Kilikuwepo. Tukashuka, nikamshika mkono, nikamvuta apite haraka. Akasimama.

Alikuwa amekaza uso mbele, kama alivyofanya ili kutumia ile sehemu ya katikati ya jicho iliyobaki. Akauachia mkono wangu, akausogelea ule mwanzi mpaka pua ikakaribia kuugusa. Akaufuata hivyo pingili kwa pingili, mdomo wazi.

"Njo hii," alisema. "Njo yenyewe. Rangi ya machini yetu."

"Muzee, unatafuta nini kwa bariere?" Alikuwa ni yule yule wa karatasi.

"Chef, nani alipaka hii?"

Mwanajeshi alinitazama. Alinitambua, nina hakika, kwa sababu alicheka bila sauti.

"Mwalimu mumoja alitupakia."

"Huyo mwalimu hapana jua kazi," baba alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya Kalemie, ya mtu mwenye watu chini yake. "Alipaka juu ya vumbi. Couche moja tu! Ona venye inatoka. Mais rangi ni yenyewe, chef. Munahifazi hii. Munahifazi muzuri."

Kisha akavua kofia yake, akamshukuru kwa Kinande, wasingya, neno tunaloshukuriana nalo nyumbani. Nilisimama na mikono yangu miwili, ile iliyopaka, nikashindwa kuipeleka popote. Nilitaka kuuvunja ule mwanzi kwenye goti langu. Nilishukuru pia, kwa sababu yule mwanajeshi alikuwa akingoja nishukuru.

Tulipopanda tena lori baba aliketi juu ya mbao, uso wake ukiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu nikiwa mdogo. Baada ya kilima cha kwanza furaha ikapungua. Akanigeukia.

"Uliniambia Beni rangi hii haiko."

"Ndiyo, Tata."

"Haukutafuta."

Lori lilikuwa limejaa watu, na wawili kati yao walikuwa na sare. Hata wasingekuwepo, sijui kama ningesema ukweli.

"Ndiyo, Tata," nilisema. "Sikutafuta."

Aliondoka duniani akiamini hivyo.