Mboga za Jerusa Hazina Chumvi

Jirani yangu Jerusa hajawahi kukaa akamaliza kikombe cha uji. Ataketi, ataonja, atakumbuka kuku, atatoka. Ukimwona amerudi, ujue anapita tu kwenda kuanua nguo kwa sababu ameona wingu upande wa Londiani. Mimi humwambia mwili wake una mota, na yeye hunijibu kwamba mota ikizimwa nyumba nayo italala njaa.

Mimi ni Mkipsigis wa hapa hapa nje ya mji wa Kericho. Yeye alitoka upande wa ziwa akiwa msichana, akimfuata dada yake aliyekuja kuchuma chai. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, na changu anakicheka. Nikisema "bresha" badala ya presha anazunguka nyumba nzima akirudia, "Bresha, bresha, mama Kipkurui ana bresha." Nimemzoea. Maziwa yangu huenda kwake kila asubuhi, mboga zake huja kwangu, na ua ulio kati yetu umetoboka mahali tunapopitia.

Mumewe Joab ni fundi wa boila kwenye kiwanda cha chai. Ni Wasabato hao, wa kweli kweli, wale wasiogusa chai. Mtu anasimamia mvuke wa kukausha majani mwaka mzima, na nyumbani kwake huwezi kupata hata chai ya kumkaribishia mgeni. Nimelizoea hilo pia. Joab ni mpole, mzee wa kanisa, sauti yake huisikii mpaka aombe. Binti yao Winny yuko kidato cha tatu na mdomo wake ni wa mama yake.

Haya yote ninayosimulia yalianza baada ya kifo cha Oketch, kakake Joab, aliyeanguka langoni kwake akiwa na jembe mkononi. Watu walisema ni presha, na kumbe maskini hakuwahi kupimwa hata siku moja. Waliporudi kutoka mazishini Jerusa hakufungua hata mizigo. Alimpeleka Joab kliniki moja kwa moja, na mashine ikasema yake nayo iko juu. Daktari wa pale, Nyamoita, mama wa Kisii asiye na maneno mengi, alimpa vidonge vya kumeza kila siku, akamwambia apunguze chumvi.

Jerusa hakuipunguza. Aliifukuza. Alitoa chumvi nyumbani, akatoa vile vibonge vya kuungia mchuzi, akatoa siagi ya mkebe, akamnyang'anya Winny pakiti ya krisps mlangoni. Yai lilichemshwa na kuliwa hivyo hivyo. Samaki alipikwa kwa limau na nyanya. Winny alikuja kwangu akaomba kijiko cha chumvi akakiramba amesimama, na mimi nikageuka nikatazama ng'ombe.

Lakini mboga, jamani. Mboga za Jerusa hazikubadilika. Alipanda upya nyuma ya nyumba, kunde, mrenda, saga, managu, na akazipika kama alivyofunzwa na mama yake: saga analaza na maziwa yangu, kunde anachemsha na magadi kidogo ili majani yalainike, mrenda nao bila magadi hautelezi. Maharagwe pia, kwa maana baridi ya huku inayafanya kuwa kaidi na kuni hukaa mbichi. Magadi hayo ni jiwe la kijivu analoletewa kutoka kwao, analisaga kwa kisu na kunyunyiza. Nilionja nikashangaa. Hakuna chumvi na ulimi haulalamiki. Sisi tukikosa chumvi kwa mboga tunasema tumelishwa nyasi. Sifa zilienda hadi kwa akina mama wa Dorkas, chama cha wanawake kanisani kwao, wakamwita awafundishe kupika chakula cha afya, na alifundisha akiwa amesimama, bila shaka.

Presha ya Joab haikushuka.

Walirudi kliniki, ikawa pale pale. Wakarudi tena, ikawa imepanda. Daktari Nyamoita alibadilisha vidonge na kuuliza kama anavimeza. Anavimeza, alisema Jerusa, mimi mwenyewe nasimama hapo mpaka ameze. Akauliza kama chumvi imepunguzwa. Hapo Jerusa alicheka kwa uchungu, akasema nyumbani kwake chumvi haipo, hata mgeni akija anaikosa. Daktari akamtazama Joab kwa muda, akaandika kitu, na ule mtazamo ndio ulioharibu nyumba.

Kwa sababu Jerusa alirudi na wazo moja tu. Ikiwa chumvi haiko nyumbani, basi Joab anaila nje.

Nimeona watu wakichunguza, lakini huyu alichunguza. Alinusa koti la mumewe akirudi zamu. Alipindua mifuko akitafuta kijiti cha kuchokolea meno. Alienda mpaka lango la kiwanda akajifanya anauliza bei ya parachichi, kumbe anatazama nani ameketi kwenye vibanda vya nyama. Alimpakia Joab chakula kwa kontena na jioni akaikagua kama mtu anayesahihisha mtihani. Ikiwa imeliwa yote, alisema ameimwaga. Ikiwa imebaki, alisema ameshiba kwingine. Winny alimwambia, "Mum, wewe ni CID kabisa. Dad hata hajui kudanganya, utamshika na nini?" Akafukuzwa akaoshe vyombo.

Sasa hivi naisimulia nikicheka, lakini wakati ule sikucheka. Jerusa alikuwa amekonda. Aliacha kulala, akawa anaamka kumsikiliza Joab kama anapumua, akimgusa kifua, na Joab naye akiamka anamwambia niko sawa, lala. Asubuhi alipita kwenye ua macho mekundu, akaniambia anamwona Oketch pale langoni na jembe lake, ila sura inageuka inakuwa ya Joab. Alikuwa na hofu mbaya, na hofu yake ilikuwa imeamua kuwa hasira kwa sababu hasira ina kazi ya kufanya.

Ibada ya jioni ikawa mahakama. Nyumba zetu ziko karibu, wimbo wao nausikia, na maombi ya Jerusa nayasikia hata nisipotaka. Aliwaombea "wale wanaokula kwa siri." Aliwaombea "wale wanaojenga kaburi lao kwa meno yao wenyewe." Joab alisema amina kama kawaida. Jioni nyingine, na hii Winny ndiye aliyenieleza, Jerusa alikatiza ombi katikati, akamgeukia mumewe, akamuuliza mbele ya Mungu na mbele ya mtoto kama anakula nje. Joab alinyamaza. Jerusa akauliza kama ni nyama. Joab akabaki vile vile. Mkewe akauliza kama ni mutura. Joab aliinamisha kichwa, akasema, "Mama Winny, nisamehe."

Mtu asiyewajua Wasabato hataelewa uzito wa hapo. Mutura ni utumbo uliojazwa nyama na damu, na damu kwao ni mwiko wa Maandiko. Mzee wa kanisa kula mutura kibandani ni habari inayotembea bila miguu.

Jerusa alimsamehe. Alimsamehe kwa furaha, hata nikaona aibu kwa niaba yake. Siku hiyo alilala, na kesho yake alikuja kwangu akiwa amenyooka mgongo, akanieleza yote tukiwa tumesimama kwenye tundu la ua. Ugonjwa ulikuwa umepata jina na mlango wake umefungwa. Akaenda akawaomba akina mama wa Dorkas wamwombee mumewe aishinde hiyo tamaa, na unajua ombi la namna hiyo linavyofika mbali. Sabato iliyofuata Joab aliomba mwenyewe apumzishwe uzee wa kanisa. Alikaa viti vya nyuma, kati ya wageni na wamama wenye watoto wanaolia, na aliendelea kukaa huko.

Tulingoja presha ishuke. Ikapanda.

Safari hii Jerusa aliingia kwa daktari kabla hajaitwa. Alisema mume wake ameungama, ameacha nyama, ameacha kila kitu, sasa ni nini tena. Daktari Nyamoita akafunga faili, akamwambia mama, keti. Jerusa akaketi. Daktari akamwambia nieleze jana mlipika nini, na ulipika vipi, kuanzia kuosha. Ni swali ambalo Jerusa hulipenda. Alieleza kunde zilivyochumwa asubuhi zikiwa na umande, zilivyochambuliwa, maji yalivyochemka kwanza.

"Halafu naweka magadi kidogo, ndiyo naingiza kunde."

"Magadi kiasi gani?"

"Ya kawaida tu. Ya kulainisha."

"Na maharagwe?"

"Maharagwe pia. Na mrenda. Daktari, hiyo si chumvi, hiyo ni ya asili, inatoka kwa mchanga."

Daktari hakumkemea. Alimwambia chumvi pia inatoka kwa mchanga na kwa maji ya Mungu huyo huyo. Alisema kile kilichomo kwenye chumvi kinachopandisha presha, kwenye magadi kimejaa tele, na ulimi wake ulikuwa umemwambia ukweli siku zote, mboga zilikuwa tamu kwa sababu zilikuwa na chumvi. Jerusa alikuwa akimpa Joab vidonge kwa mkono mmoja na magadi kwa mkono wa pili. Halafu daktari akasema kosa ni lake pia kwa kutouliza mapema, na mimi nampa heshima kwa hilo.

Jerusa alirudi nyumbani kwa miguu, njia yote ile katikati ya chai. Nilimwona akipita langoni kwangu bila kunisalimu. Kuku walikuwa kwenye mboga zake, hakuwafukuza.

Jioni alipika kunde kwa maji matupu na kitunguu na maziwa kidogo. Hazikuiva vizuri, zilikuwa ngumu na chungu kidogo, na Joab alizitafuna bila kuuliza. Ndipo Jerusa akamwambia mumewe habari ya magadi. Alimweleza yote, kisha akauliza lile lililokuwa limemkaa kooni tangu kliniki.

"Baba Winny, ulikula mutura kibanda cha nani?"

Joab akaendelea kutafuna.

"Hukula."

"Sikula."

"Na mbona ulisema ulikula?"

"Sikusema mimi. Mutura ulisema wewe. Mimi niliomba msamaha."

"Wa nini, kama hukula?"

Joab akaweka tonge chini. "Ulikuwa hulali, mama Winny. Ulikuwa unakwisha, naona kwa macho yangu. Nikasema kama ni mimi kukaa nyuma kanisani ndiyo ulale, basi nikae."

Jerusa aliniambia kwamba hapo alitamani amgombeze. Badala yake alilia mbele ya mtoto wake, akiwa ameshika sahani. Alisema uzito wa kusingiziwa ni mmoja, lakini uzito wa kugundua mtu amekubali kusingiziwa kwa ajili yako ni mwingine, na hajui aubebe vipi.

Sabato ile alisimama kanisani wakati wa matangazo, kabla mtu hajamruhusu. Alisema mumewe hakugusa mutura wala nyama ya kibandani, kwamba yeye ndiye aliyemlisha chumvi kwa mkono wake kisha akamshtaki kwao, na wale aliowafundisha kupika waache magadi kuanzia leo. Wengine walicheka, wakajizuia. Joab alirudishwa mbele. Vidonge vikafanya kazi yake, magadi yakakoma, na kliniki iliyofuata mashine ikasema imeshuka. Tulifurahi pande zote mbili za ua. Nilimpelekea maziwa ya bure.

Lakini Jerusa hakutulia, na mimi sikuelewa. Nilimuuliza ni nini tena, presha si imeshuka? Akanieleza akiwa anapepeta wimbi, macho hayako kwa ungo.

Alisema kila siku anamuuliza Joab kama yuko sawa, na Joab anajibu niko sawa, kwa sauti ile ile aliyoombea msamaha wa mutura. Zamani alidhani mumewe hawezi kudanganya. Sasa anajua anaweza, tena vizuri sana, ikiwa ni kwa ajili ya yeye kulala. Kwa hiyo ile "niko sawa" ina nini ndani? Nilimshika tu mkono.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, mvua imekatika, Joab hana zamu. Alikuwa ameketi mlangoni akifunga kamba za viatu na Jerusa alikuwa akipita na ndoo. Niliyasikia nikiwa kwangu nakamua. Jerusa aliweka ndoo chini, akamwambia kwamba hataki tena kulala kwa uongo, kwamba heri akeshe akijua kuliko alale akidanganywa, na kwamba akiona mtu amenyamaza tena kwa huruma hatamsamehe kwa Mungu wala kwa watu.

"Kwa hivyo nauliza mara moja. Uko sawa?"

Nikaacha kukamua ili nisikie.

"Huu mkono wa kushoto," alisema, "nikiamka huwa umekufa ganzi. Na jana kazini nilishindwa kukaza nati nao."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Oketch."

Sikusikia kelele niliyoitarajia. Nilisikia kuku tu, kisha sauti ya Jerusa, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia, ikisema, "Asante kwa kuniambia." Halafu akamwita Winny alete sweta ya baba na kadi ya kliniki, akaniita mimi nichunge nyumba, na akampigia magoti mumewe pale mlangoni akamfunga kamba ya kiatu ambayo mkono wake ulikuwa umeshindwa kuifunga.