Majani ya Mbuzi Uani kwa Mavyaa

Huu mmea unaotambaa kwenye uzio wangu hapa Malindi, ule ukikatwa jani unatoa maziwa, wajukuu wanadhani umejiotea. Thubutu. Niliutoa porini Sabaki mimi, mbegu moja na sufi yake, nimeifunga kwenye pindo la kanga. Ilikuwa miaka ya themanini, nami mwari mpya katika nyumba ya mavyaa, mama wa mume wangu.

Mavyaa alikuwa mtu wa mji hasa. Uani kwake ni asmini, mrehani na mkadi, basi. Mmea wangu ulipopanda uzio akauita majani ya mbuzi, tena unaleta nyoka. Nikamwambia hata mbuzi hawaugusi, mchungu. Hakucheka. Akaamuru harusi ya wifi yangu isiukute. Nami nilikwisha kuupenda, vishada vyake vyeupe na ile harufu yake ya wakati wa magharibi. Kila siku nikajifanya nimesahau kuung'oa.

Siku ya harusi asmini ikatuaibisha. Mvua ilichelewa, maua ya kuhesabu kwa vidole, na kwetu mgeni wa kike hakai harusini bila kikuba, kile kishada cha maua cha kubandika kifuani. Mavyaa yumo chumbani anafukiza nguo udi. Nikachuma vishada vyangu, nikachovya vikonyo kwenye jivu maziwa yasije yakachafua nguo za watu, nikavifunga na mrehani na vipande vya mkadi. Nikavipanga kwenye sinia.

Jioni wanawake kazi yao kunusa vifua. Bibi mmoja wa Mambrui, ambaye mavyaa hakukubali kushindwa naye hata kwa kupika uji, akauliza vikuba vimetiwa nini. Mavyaa akanusa chake, akanikazia macho. Nikamwinamia sikioni.

"Majani ya mbuzi, Mama."

Hakupepesa. "Hilo ua la kwetu," akamwambia yule bibi. "Tunalipanda wenyewe. Huwezi kulipata sokoni."

Nilikimbilia jikoni, nikacheka mpaka kanga ikanivuka.

Asubuhi nikamkuta uani, kamba ya makumbi mkononi, anaufunga mmea kwenye uzio tawi kwa tawi. Hakunitazama.

"Shika huku," akasema. "Mmea mzuri hivi, unauacha ulale chini kama hauna wenyewe?"