Dar es Salaam ya Nyuma ya Ukuta

Mama yangu hakuwahi kukanyaga Dar es Salaam, lakini aliamini anaijua kuliko mtu yeyote wa mtaani kwetu Singida. Nyuma ya uwanja wetu kulikuwa na kibanda cha video. Mchana zilionyeshwa filamu, jioni vijana walicheza gemu za magari na bunduki. Miaka yote mama alikaa ukutani hapo akichambua vitunguu vya kupeleka sokoni. Picha hakuiona hata moja; mwanamke wa heshima zake angeingiaje mle? Alichopata ni sauti: ving'ora, breki, risasi, mayowe. Mtafsiri wa filamu naye akitangaza kwa mbwembwe, "Sasa tumeingia mjini!", basi milipuko inaanza. Na kwa mama, mji ulikuwa mmoja tu: Dar.

Daktari alipomwambia kwamba macho yake yana presha na lazima aende Dar haraka kabla hajapofuka, mama akagoma.

"Huko kwenu watu wanauawa mchana kweupe," aliniambia kwenye simu.

Nilikasirika sana. Naishi Dar, na kelele inayonikera kuliko zote ni ya jogoo wa jirani. Nikarekodi mtaa wangu: adhana, muuza kahawa akigonga vikombe, watoto wa chekechea wakiimba. Nikamtumia, nikajiona mjanja.

"Mbona kumetulia hivyo?" akauliza. "Kukitulia hivyo ndipo wanapoingia kuua."

Kwenye filamu muziki ukikatika mtu anakufa, na mama alikuwa amejifunza hilo kwa masikio tu. Hadi leo nina hasira na wanaotia sauti kwenye filamu hizo. Mji wanaujaza ving'ora kwa sababu mtu anayekunywa kahawa hauzi filamu, wala hawajiulizi nani anawasikiliza bila kuona.

Alikubali baada ya Idi, jicho moja likiwa limeshazima, la pili linaona kivuli tu. Nilikwenda kumchukua mwenyewe. Tuliposhuka stendi ya Dar alinishika mkono, akasimama kusikiliza. Makondakta waliita abiria, mtu aliuza maji, mtoto alilia.

"Kumbe ni kama stendi ya kwetu tu," akasema.

"Ndiyo, mama."

Hospitalini walimpima, wakasema kilichopotea hakirudi. Watajitahidi kuokoa hicho kivuli. Mama akageuka kunitazama, akatazama pembeni kidogo ya nilipokaa.

"Sasa mwanangu," akasema, "mimi nilikuwa naogopa nini?"